Tulivyojifunza Shoka la Mashindano Huko Tasmania

Katika nyumba nyingi za kwetu shoka hulala nyuma ya mlango, wala hakuna alitazamaye ila asubuhi kuni zikiisha. Hapana anayewaza ya kuwa mtu aweza kushindana kwa shoka mbele ya watu, akapewa namba na kikombe, kama apigaye mbio au achezaye mpira. Sisi nasi hatukuwaza hivyo. Tena tulikuwa na sababu yetu ya kuliogopa shoka, na sababu hiyo hatuna budi kuieleza mapema, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotupata baadaye.

Tulipokuwa na umri wa miaka kumi, kaka yetu mkubwa alikuwa akipasua kuni uani. Gogo lilikuwa na fundo. Shoka likaparaza juu yake, likashuka mguuni. Vidole viwili vikaenda zake. Aliyekuwa amelishika gogo lile lisiyumbe ni sisi. Kaka hakutulaumu hata siku moja, lakini tangu hapo kila tulipotumwa kuni tulitoa udhuru, mara kichwa, mara kitabu cha shule. Mama alijua, akanyamaza, akamtuma mwingine.

Basi, mwaka 2017 tulikwenda Tasmania kusoma habari za misitu, pamoja na mama watoto na watoto wetu wawili. Tasmania ni kisiwa kilicho kusini ya Australia, nchi ya mvua na baridi, na misitu yake mingi ni ya mikaratusi. Mkaratusi twaujua sana huku kwetu. Umejaa kando ya barabara na juu ya vilima, tangu Kenya mpaka nyanda za juu za kusini za Tanzania, na watu hawaishi kugombana kama unakausha chemchemi au haukaushi. Walakini huku ni mgeni tu, na kwao ni huko. Aina moja, ambayo wataalamu huiita Eucalyptus regnans, yashinda kwa urefu miti yote ya dunia itoayo maua. Mwaka 2008 ulionekana mmoja kusini ya kisiwa, urefu wake karibu mita 100. Mtu akisimama chini ya mti wa namna hiyo haoni kilele. Aona shina tu, kama ukuta wa nyumba.

Wazungu walipokuja kukaa kisiwani humo katika karne ya 19, wakiwanyang'anya wenyeji wa asili nchi yao, walitaka mashamba, na kati yao na shamba ulisimama msitu. Mashini hawakuwa nazo, ila shoka na msumeno wa mikono. Tena shina la miti ile hupanuka chini kama mguu wa tembo, na kulikata pale ni kupoteza nguvu bure. Basi mkataji alichonga tundu katika shina, akapachika ubao wenye chuma nchani, akapanda juu ya ubao. Akachonga tundu la pili juu zaidi, akapachika ubao mwingine. Hata alipofika mahali penye unene wa kadiri, akaukata mti akiwa amesimama hewani juu ya ubao mwembamba. Kazi hiyo ndiyo iliyogeuka mchezo. Mpaka leo washindani hupanda nguzo kwa mbao za namna hiyo, wakakata gogo lililofungwa juu nusu kwa upande huu, wakashuka, wakapanda tena na kukata nusu ya upande wa pili. Tuliwatazama mara nyingi, wala hatukuzoea kuwatazama.

Watu wafanyao kazi moja hawakosi kubishana. Husimuliwa ya kuwa mwaka 1870, huko Ulverstone, pwani ya kaskazini ya kisiwa, wakataji wawili waliwekeana dau la paundi 25, nani atauangusha mti wake kwanza. Tangu siku hiyo ubishi haukukoma. Mwaka 1891 katika mji wa jirani, Latrobe, penye uwanja uitwao Bell's Parade, yakafanywa mashindano yaliyotangazwa kuwa ya ubingwa wa dunia, ingawa twadhani sehemu kubwa ya dunia haikupata habari. Mtu wa pande hizo, David Foster, ndiye aliyevuma kupita wote katika zama zetu. Alishika ubingwa wa dunia miaka 21 mfululizo, na mataji yake yote yapita 1,000.

Sisi tulikuja kuyaona mambo hayo kwa ajili ya jirani. Alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, mikono yake kama mizizi, naye katika ujana wake alikuwa mshindani. Kule hata mtoto humwita mzee kwa jina lake tupu, desturi iliyotutaabisha sana, ulimi ulikataa. Tukamwita Mzee, tukamweleza maana yake, akaona ni jina jema, akalikubali. Siku ya mwaka mpya alituchukua mji wa Burnie, ambako siku hiyo kila mwaka watu hushindana kwa mbio za miguu, kwa baiskeli na kwa shoka. Hapo ndipo tulipoona watu wanane wamesimama juu ya magogo wamevaa suruali nyeupe, na ndipo tuliposikia hesabu.

Jambo hilo la hesabu twaomba mlisikilize vema, maana ndilo lililotuvuta. Katika mashindano mengi ya kule hawaanzi pamoja. Kila mtu amepewa namba yake kwa kadiri ya ustadi wake. Mwanzishaji huhesabu kwa sauti, sekunde kwa sekunde: moja, mbili, tatu. Aliye dhaifu huanza kwenye tatu. Mwingine amepewa tisa, mwingine kumi na nne. Na bingwa, huenda amepewa ishirini na nane, husimama juu ya gogo lake ameinua shoka, kimya, wenziwe wakikata na vibanzi vikimrukia usoni, mpaka namba yake itajwe. Ukishinda, wakuu wa mashindano hukuongezea namba, ili mara ya pili ungoje zaidi. Ukishindwa kwa muda mrefu hukupunguzia. Kwa hiyo mara nyingi magogo hukatika karibu wakati mmoja, na mgeni aweza kumshinda bingwa mbele ya mkewe na watoto. Hatukupata kuona mchezo mwingine wo wote ambamo mwenye nguvu hulazimishwa kusimama na kumtazama mdogo akitangulia.

Tukarudi nyumbani tumenyamaza. Mzee akauliza, “Je, unataka kujaribu?” Tukasema hapana. Akauliza tena baada ya juma moja, tukasema tutafikiri.

Mara ya tatu tulikubali, na kusema kweli tulikubali kwa haya tu. Mama watoto alikasirika. “Baba watoto,” alisema, “watu huenda masomoni wakarudi na cheti. Wewe wataka kurudi na magongo?” Hatukuwa na jibu, kwa kuwa maneno hayo tulikuwa tumekwisha kujiambia wenyewe.

Mwezi wa kwanza hatukukata kitu. Tulinoa. Shoka la mashindano si kama lile la nyuma ya mlango. Uzito wa kichwa chake ni kilo tatu hivi au kasoro, makali yake ni mapana, na hunolewa kwa tupa na kwa jiwe mpaka liweze kunyoa manyoya ya mkono. Mengi ya mashoka hayo hutoka Masterton, Nyuzilandi, na bei yake yamshtua mtu wa mshahara mdogo. Yule mzee alikuwa nayo manne ndani ya kasha la mbao, kila moja katika nafasi yake, na mtoto hakuruhusiwa hata kupiga chafya karibu na kasha hilo. Tena pembe ya makali haiwi moja kwa miti yote: kwa mti mlaini makali hufanywa membamba ili yaingie ndani sana, kwa mti mgumu au wenye mafundo huachwa manene kidogo, yasije yakameguka. Mambo haya mzee aliyasema polepole, huku akipitisha kidole gumba juu ya chuma. Twafikiri alitufundisha kunoa kwanza kwa sababu aliona jinsi tulivyokuwa tukilishika shoka, kama mtu ashikaye nyoka aliyeambiwa kuwa amekufa.

Namna tuliyofundishwa ni ile ya kusimama juu ya gogo lililolazwa. Gogo hufungwa lisisogee. Mshindani huchonga mwenyewe mahali pawili pa kuweka nyayo, akasimama miguu imeachana, akakata katikati ya miguu yake. Ndiyo, katikati ya miguu. Hukata upande wa mbele mpaka kupita nusu kidogo, akageuka juu ya gogo na kukata upande wa pili, mpaka vipande viachane. Mabingwa hukata gogo la unene wa sentimeta 32 kwa muda usiofika sekunde 20. Kwa kinga, mwanafunzi huvaa soksi zilizofumwa kwa vipete vidogo vya chuma, zinazofika mpaka chini ya goti. Ni nzito, na asubuhi za baridi hung'ata kama barafu.

Mapigo ya kwanza hayakuleta sifa. Shoka lilinasa, tukalivuta, likanasa tena. Mzee akatuonyesha kosa: tulikuwa tumefungua pengo jembamba mno. Mlango wa pengo hauna budi kuwa mpana karibu sawa na unene wa gogo, maana shoka linavyozidi kushuka ndani, pengo linavyozidi kubana. Tena hupigwi wima. Pigo moja huja kutoka kuume na jingine kutoka kushoto, yote kwa mshazari, ili kibanzi kiliwe huku na huku kisha kiruke chenyewe. Mtu atumiaye nguvu nyingi kwa mapigo yasiyopangwa hutoa unga. Mtu apangaye mapigo hutoa mapande ya ukubwa wa kiganja. Baada ya majuma mawili tulianza kutoa mapande, tukawaita watoto waje waone.

Ndipo tulipopatwa. Ilikuwa jioni, mwezi wa sita, nao kule ni kipupwe. Tulikuwa tumechoka lakini hatukutaka kusema. Pigo moja lilikwenda kwa ulalo kupita kiasi. Shoka halikuingia, likateleza juu ya ganda, likaja mguuni. Tulisikia mlio wa chuma juu ya chuma. Soksi ilizuia. Kidole gumba kilivimba na kucha ikawa nyeusi, hakuna zaidi. Walakini tulikaa chini juu ya matope tusiweze kuinuka, si kwa maumivu, ila mikono ilikuwa ikitetemeka, na machoni petu tuliuona uani kwa mama, na lile gogo, na mguu wa kaka.

Mzee hakusema neno. Alilichukua shoka, akatazama makali, akaketi karibu. Tukamweleza yote, jambo ambalo hatukupata kumweleza hata mama watoto: ya kuwa tulikuwa tumelishika gogo, ya kuwa labda lilitikisika mikononi mwetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Fundo lilikuwa wapi?” Tulidhani hakusikia. Akauliza tena, “Kwenye gogo la ndugu yako. Fundo lilikuwa juu au upande?” Tukafikiri, tukasema lilikuwa juu, upande wa kwake. Akasema, “Basi shoka lingeteleza hata kama gogo lingeshikwa na mwamba.” Akaeleza ya kuwa fundo ni mahali tawi lilipotoka, na nyuzi za mti hapo huzunguka na kukaza, pigo likija kwa ulalo juu yake halina pa kuingia, litateleza, na litafuata njia ya mkono. Mtu huligeuza gogo kwanza, fundo likawa mbali na miguu yake. Alisema hayo kama asemavyo fundi juu ya bawaba ya mlango, pasipo kutufariji, na labda kwa sababu hiyo tulimwamini.

Kesho yake alileta chaki. Alichora juu ya gogo mistari miwili kuonyesha mwanzo wa pengo na mwisho wake, na duara kuzunguka kila fundo. Akasema mpaka siku ya mashindano hatutakata gogo lisiloandikwa. Tulifanya hivyo miezi mitano. Malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Mama watoto, aliyekuwa akituchungulia dirishani, siku moja alikuja akachora duara moja ambalo sisi tulikuwa tumelisahau, akarudi ndani bila kusema kitu.

Huenda msomaji akadhani mchezo huu ni wa Tasmania peke yake. Sivyo. Katika mji wa Sydney hufanywa kila mwaka katika maonyesho makubwa ya wakati wa Pasaka. Wabaski, walio mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, wana namna yao ya zamani, nao husimama juu ya magogo mengi kwa zamu mpaka yaishe. Huko Marekani, katika mji wa Hayward, jimbo la Wisconsin, wana mashindano yao tangu mwaka 1960, na kati ya michezo yao ni watu wawili kusimama juu ya gogo moja lieleapo majini, wakilizungusha kwa miguu mpaka mmoja aanguke. Na mwaka 1985 yalianza Marekani mashindano mengine ambayo siku hizi yameenea katika nchi nyingi. Wanawake nao hushindana, kwa shoka na kwa msumeno, na kuna mbio ya msumeno mrefu unaovutwa na mwanamume huku na mwanamke kule. Tulimtajia mama watoto habari ya msumeno huo. Alijibu ya kuwa sisi wawili twavutana vya kutosha.

Siku yetu ilikuwa mwezi wa kumi na moja, katika maonyesho ya wakulima ya kijiji kimoja. Kulikuwa na kondoo, keki, farasi, na kando ya uwanja magogo sita ya unene wa sentimeta 25. Tulipewa namba tatu. Jirani yetu wa kuume alikuwa kijana mwenye kumi na moja, na wa kushoto mtu mzima mwenye ishirini na sita, mwembamba, mtulivu, ambaye alituangalia soksi zetu kama zimefungwa sawasawa kabla hajapanda juu ya gogo lake. Tulikuwa tumelitazama gogo letu saa nzima. Fundo lilikuwa moja, nasi tulikuwa tumeligeuza mbali.

Mwanzishaji akaanza. Moja, mbili, na kwenye tatu tukapiga. Kwa muda tulikuwa peke yetu, na katika uwanja wote hapakuwa na sauti ila ya shoka letu na ya hesabu. Hatukumbuki mengi. Twakumbuka pande la kwanza likiruka vizuri. Kwenye kumi na moja kijana akaanza, na mlio wake ukatuharibia mwendo. Tukaanza kupiga haraka, na kwa haraka hiyo tukafanya kosa ambalo tulionywa mara mia. Tuligeuka mapema. Hatukuwa tumefika nusu. Tukakata upande wa pili, tukaona katikati bado kuna mti mzima, kama daraja, na haufikiki ila kutoka upande tuliouacha. Ishirini na sita ikatajwa. Mtu mwembamba alianza na kumaliza, na gogo lake likaanguka sisi tukiwa bado twageuka mara ya tatu. Kijana akamaliza. Wote wakamaliza.

Basi tukabaki, juu ya gogo, mbele ya watu wote. Twakiri ya kuwa tulitaka kushuka. Mikono ilikuwa imekufa, na mikono iliyokufa ndiyo iwezayo kulitelezesha shoka. Hofu ile ya kale ilikuja ikasimama hapo hapo. Mzee alikuwa kando ya kamba. Hakutupigia kelele kama wengine. Alisema neno moja tu, “Polepole.” Tukapunguza. Pigo la kuume, pigo la kushoto, tukitazama mahali shoka linapoingia, si mahali watu walipo. Likakatika. Saa ya mpima wakati ilikuwa imepita dakika mbili.

Yule wa ishirini na sita alikuja, akaokota kipande chetu, akakitazama mkato wake kama mtu asomaye barua. Alisema tungengoja mapigo manne kabla ya kugeuka. Kisha akatupa mkono. Mama watoto alikuwa amefumba macho tangu tatu mpaka aliposikia gogo likianguka. Watoto ndio waliomsimulia. Namba yetu haikubadilika, maana chini ya tatu hakuna.

Usiku tulimpigia kaka simu. Tulimweleza habari ya fundo, na habari ya gogo alilokata siku ile, ya kuwa tangu siku hiyo tulidhani tulilitikisa. Akakaa kimya kidogo. Akasema yeye siku zote alidhani sisi twakumbuka jinsi alivyoambiwa na baba aligeuze gogo lile, naye akakataa. Halafu akauliza, “Na hizo kuni za mashindano, wenzetu huzipikia nini?”

Mwaka 2019 tulirudi nyumbani. Jioni ya pili mama aliuliza ni nani atakayepasua kuni, tukasimama. Shoka lilikuwa lile lile la nyuma ya mlango, butu, mpini umefungwa kwa waya. Tukalinoa kwa jiwe karibu saa nzima, watoto wa mtaa wakitucheka. Kaka akaketi kwenye kigoda, mguu wake ameunyosha. Tulipotoa chaki mfukoni na kuchora duara juu ya fundo, akauliza kwa nini twaliandika gogo kama ubao wa shule. Tukamwomba asogeze kigoda nyuma kidogo.